Mkubwa wa Kazi na Kitabu cha Hesabu

Maneno ya moniteri wa mashamba kwa wakubwa wa vyama vya walimaji, karibu na Lubumbashi



Mimi ni kijana mbele yenu. Wengi wenu mlishika jembe kabla sijazaliwa. Basi leo sikuja kuwafundisha kulima. Nataka tuongee juu ya mtu anayeongoza kazi: mkubwa wa chama, kapita wa shamba, mama anayeshika sanduku la makuta. Shamba moja linaweza kufa kwa kukosa mvua. Lakini mashamba ya inchi nzima yanaweza kufa kwa kukosa wakubwa wanaojua kazi yao.

Jambo hili tuliliona katika inchi yetu. Tarehe 30 Novemba 1973 Rais Mobutu alitangaza kwamba mashamba makubwa na maduka ya wageni yatapewa watu wa inchi, ambayo wakati ule iliitwa Zaire. Wengi walifurahi. Nani hapendi kuwa bwana kwake? Lakini mali haikugawanywa kwa kuuliza: Nani anajua kazi hii? Wengi walioipata walikuwa wakubwa wa siasa na rafiki zao. Wengine waliuza vitu vilivyokuwa dukani, wakala makuta, wala hawakuagiza vingine. Wengine walipewa shamba, wasilitembelee. Maduka yakabaki matupu, bei zikapanda. Mwaka 1976 serikali ikawaita wenye mali wa zamani warudi.

Je, ni kwa sababu watu wetu hawana akili? Hapana. Inchi ilipopata uhuru mwaka 1960, wenyeji waliomaliza chuo kikuu hawakufika 30 katika Kongo yote. Hapa Elisabethville, mji unaoitwa Lubumbashi tangu mwaka 1966, chuo kikuu kilifunguliwa mwaka 1956 tu. Mtu mweusi aliweza kuwa karani ao kapita. Lakini kuagiza mali, kupanga bei, kuweka akiba ya mwaka ujao, hayo hakuonyeshwa. Kuongoza kazi kunafundishwa, kama vile kupanda kwa mstari kunavyofundishwa.

Mimi mwenyewe niliona chama kimoja, jina sitalitaja. Mkubwa wake alikuwa mtu mwema. Ufunguo wa depo, makuta na madeni, vyote vilikuwa mkononi mwake na kichwani mwake. Mwezi wa Novemba, mvua ilipoanza, akashikwa na ugonjwa. Hakuna aliyejua kama mbegu zimelipwa, wala zimelipwa kwa nani. Walipanda katikati ya Januari. Mahindi yakatoa masuke madogo yasiyojaa punje. Mkubwa alipona, lakini watoto wa chama kile walikula mara moja kwa siku. Na kosa lingine lilikuwa langu: nilipima mistari ya shamba, sikuuliza kitabu.

Basi, shikeni maneno haya manne.

1. Kitabu cha hesabu kiandikwe mbele ya watu wawili: kilichoingia, kilichotoka, na deni. Kila mwisho wa mwezi kisomwe mbele ya wote.

2. Mbegu na mbolea za mwaka ujao zitolewe kwanza, kabla ya kugawanya faida. Duka lisiloagiza tena limekwisha kufa, hata kama mlango ungali wazi.

3. Chagueni mtu kwa kazi yake, si kwa ukoo wala kwa maneno matamu. Kama mama mmoja anajua hesabu kuwapita wababa, mpeni sanduku.

4. Kila mkubwa awe na mtu anayemfundisha. Mkubwa mzuri ni yule ambaye akilala mgonjwa, kazi inaendelea.

Labda mtasema: Chama chetu ni kidogo, inchi ni kubwa. Lakini unga mwingi wa bukari yetu hutoka Zambia, hupita Kasumbalesa. Mwaka 2024 ukame uliharibu mahindi ya Zambia, na tukajua tena kwamba sufuria yetu iko mikononi mwa jirani. Inchi haiongozwi Kinshasa tu. Inaongozwa pia katika depo yenu, na yule mwenye ufunguo.

Mvua iko karibu. Kesho nitaanza kupita kwa kila chama. Sitauliza kwanza shamba, nitauliza kitabu.