Mwalimu Carey Francis na Deni Letu kwa Walimu

(Hotuba iliyosomwa katika mkutano wa wanachama wa tawi)



Tumeagizwa na Kamati tuseme maneno machache kumkumbuka Mwalimu Edward Carey Francis, aliyekuwa mwalimu mkuu katika nchi yetu kwa miaka 34. Jambo hili lilipotangazwa, wanachama wengine waliuliza: Chama cha wafanyakazi kina shughuli gani na mwalimu Mzungu wa misheni? Mbona hatuwakumbuki walimu wetu wenyewe? Swali hilo ni la haki, wala hatutalikwepa. Lakini kwanza na tuyasikie maisha ya mtu huyu, ndipo tuyapime.

Alizaliwa London mwaka 1897. Alipigana katika vita vya 1914 hadi 1918, kisha akasoma hesabu katika Chuo Kikuu cha Cambridge, akawa mwalimu wa chuo huko huko. Mtu wa namna hiyo angeweza kukaa kwao akaheshimiwa na kuzeeka kwa raha. Lakini mwaka 1928 aliacha yote akaja Kenya kwa kazi ya misheni, akapewa shule ya Maseno, Nyanza. Huko alikaa miaka 12. Miongoni mwa vijana waliosoma Maseno wakati wake ni Oginga Odinga, ambaye mwaka 1964 alikuwa Makamu wa Rais wa kwanza wa Jamhuri yetu.

Mwaka 1940 alihamishwa Alliance High School, Kikuyu, shule iliyofunguliwa mwaka 1926 na misheni za Kiprotestanti kwa umoja wao. Aliongoza shule hiyo mpaka mwaka 1962. Hakuoa, wala hakuwa na mtoto. Shule ndiyo iliyokuwa nyumba yake. Alifundisha darasani mwenyewe, na jioni alikuwa uwanjani pamoja na wavulana katika mpira. Tulipopata Uhuru mwaka 1963, mawaziri wengi wa serikali ya kwanza walikuwa wamepita mikononi mwa walimu wa Alliance na Maseno.

Tena kuna jambo linalotuhusu sisi tusiofika High School. Francis aliandika vitabu vya hesabu vilivyoitwa Highway Arithmetic, vikatumika katika shule nyingi za primary za Afrika Mashariki. Wazee wetu wengi walioingia kazini wakijua kujumlisha na kugawanya walijifunza katika vitabu hivyo. Ndugu, hesabu si jambo dogo kwa mfanyakazi. Asiyejua hesabu hupewa bahasha ya mshahara akatia sahihi tu. Anayejua hukaa chini, akahesabu saa zake za ovataimu, akaona kama amepunjwa, na kesho yake asubuhi yuko mbele ya karani na karatasi mkononi. Madai yetu yote mezani na waajiri ni hesabu. Bila hesabu, madai ni kelele.

Sasa tuje kwenye lawama, maana kumkumbuka mtu si kumpaka mafuta. Francis alikuwa mkali, na fimbo ilikuwa chombo chake cha kazi. Aliwatilia shaka wanasiasa wetu, na wakati wa Hali ya Hatari aliwapinga Mau Mau waziwazi. Shule yake ilikuwa ya wavulana wachache waliochujwa sana, na maelfu ya watoto wa maskini hawakuuona mlango wake.

Na hapo ndipo tunapolijibu swali la wanachama. Katika miaka hiyo hiyo walikuwako walimu wengine, wale wa shule za kujitegemea. Baada ya ugomvi wa mwaka 1929 kati ya misheni na Wakikuyu juu ya mila ya kutahiri wasichana, watu walijenga shule zao wenyewe. Chama cha KISA kikaundwa, na kile cha Karing'a. Mwaka 1939 chuo cha walimu kilifunguliwa Githunguri, Mbiyu Koinange akakiongoza, na baadaye Jomo Kenyatta. Shule hizo hazikujengwa na tajiri yeyote. Zilijengwa kwa michango ya wakulima, akina mama, na wafanyakazi waliotoa shilingi katika mishahara midogo. Walimu wake walipata malipo kidogo, na mara nyingine hawakupata kitu. Hali ya Hatari ilipotangazwa tarehe 20 Oktoba 1952, haukupita muda serikali ya kikoloni ikazifunga shule hizo, nyingine zikatiwa mikononi mwa wengine. Alliance ilibaki wazi. Walimu wakuu wa shule za kujitegemea hawakupewa miaka 34 ya kuonyesha kazi yao. Kwa hiyo leo tukimtaja Francis, na wao tunawataja, na heshima yao isiwe chini ya yake.

Hata hivyo, haki ni haki. Mwaka 1955 kijana mmoja wa Limuru, Ngũgĩ wa Thiong'o, aliingia Alliance huku kaka yake akiwa msituni na wapiganaji. Alisoma miaka minne akamaliza. Mwalimu aliyewapinga Mau Mau hakumfungia mlango mtoto huyo kwa ajili ya kaka yake. Akaja kuwa mwandishi mkubwa anayejulikana duniani kote.

Ndugu wanachama, jambo kubwa tunalotaka mlichukue nyumbani ni hili. Mwaka 1962 Francis alistaafu Alliance. Alikuwa na umri wa miaka 64, mtu wa sifa. Hakurudi Uingereza kupumzika, wala hakutafuta cheo. Alikwenda Pumwani Secondary School, hapa hapa Eastlands, akawa mwalimu wa kawaida chini ya mwalimu mkuu mwingine. Yeye aliyeamrisha kwa miaka 34 akashika chaki na kuamrishwa. Pumwani ni jirani wa Shauri Moyo, na si mbali na Muthurwa na Makongeni walipokaa wazee wetu wa Reli. Aliendelea na kazi hiyo mpaka alipofariki, Julai 1966.

Tujiulize: ni viongozi wangapi, wa serikali au wa vyama, waliokubali kushuka kitini na kuendelea kufanya kazi? Wengi hung'ang'ania kiti mpaka wang'olewe, na wakishang'olewa hawaonekani tena mkutanini. Katibu aliyeshindwa kura na arudi kukaa nasi kwenye benchi, atufundishe kuandika barua za malalamiko. Huo ndio utu wa kazi. Cheo ni koti la kuazima, bali kazi ni mkono wako mwenyewe.

Basi tusiishie kusema. Mambo matatu twayaweka mbele yenu.

La kwanza, mfuko wa karo kwa watoto wa wanachama waliofiwa na baba au mama, jambo ambalo tumeliahirisha kila mkutano. Kama wazee waliopata shilingi chache waliweza kujenga shule nzima, sisi twashindwaje kulipia mtoto mmoja?

La pili, darasa la hesabu la jioni mara moja kwa juma. Wastaafu wetu waliokuwa makarani na wakuu wa stesheni waombwe kufundisha. Kila mwanachama ajue kuipima karatasi yake ya mshahara.

La tatu, walimu ni wafanyakazi wenzetu. Chama chao cha KNUT kiliundwa mwaka 1957, nao wana madai kama yetu. Wakigoma, tusiwe watu wa kwanza kulalamika kwamba watoto wanazurura nyumbani. Tuulize kwanza wanadai nini. Hatuwezi kumsifu mwalimu aliyekufa na kumsahau aliye hai.

Ndugu Mwenyekiti, mambo hayo matatu yapigiwe kura leo, kabla watu hawajatawanyika.