Mwenye Meli Akashika Hazina



Leo tuzungumze habari za mtu aliyekuwa na mali yake, kisha akapewa funguo za hazina ya nchi. Ni Paul Martin wa Kanada.

Alizaliwa mwaka 1938 mjini Windsor, jimbo la Ontario. Huko wengi husema Kiingereza; wenye Kifaransa ni wachache. Ukoo wa baba yake una asili ya Kifaransa na ya Ireland. Alisoma sheria, akaingia biashara. Mwaka 1981 yeye na mwenzake walinunua kampuni ya meli za mizigo, Canada Steamship Lines, kwa dola milioni 180 za huko. Baadaye ikawa yake peke yake.

Mwaka 1988 alichaguliwa mbunge. Toka 1993 hadi 2002 alikuwa Waziri wa Fedha. Alikuta matumizi ya serikali yanazidi mapato kwa dola bilioni 42 kwa mwaka. Bilioni moja ni milioni elfu moja, jamani! Akapunguza matumizi, hata fedha za hospitali na vyuo zilizopelekwa majimboni. Watu walilalamika sana, lakini kufikia 1998 pengo lilikwisha.

Sasa sikilizeni hapa. Waziri wa Fedha ndiye apangaye kodi, na huyu ana meli. Tena nyingine zilipeperusha bendera za nchi za nje. Basi kampuni ikawekwa mikononi mwa wasimamizi, ila aliruhusiwa kuelezwa mambo yake makubwa. Mimi naona mlango huo uliegeshwa tu, haukufungwa.

Mwaka 2003 akawaachia wanawe watatu kampuni, na Desemba akawa Waziri Mkuu. Kumbe maneno hayajaisha! Bunge lilikuwa limeambiwa kwamba tangu 1993 kampuni ilipata kwa serikali kama dola 137,000. Januari 2004 serikali ikasahihisha: pamoja na kampuni tanzu zake, ni milioni 161. Hesabu hiyo haithibitishi kwamba yeye ndiye aliyezitoa. Lakini mnaonaje, mwananchi aliyesikia jibu la kwanza aliamini la pili?

Chama chake kilishindwa uchaguzi wa 2006, hasa kwa kashfa nyingine, ya fedha za matangazo. Tume iliyochunguza haikumkuta na hatia. Mwaka 2008 akashirikiana na Wangari Maathai wa Kenya kuongoza mfuko wa kulinda misitu ya Bonde la Kongo.