Kileo Mfukoni mwa Mtoto

Anayetaka kujua jinsi pombe kali ilivyomfikia mtoto wa shule na autazame mfuko wa shati lake. Kiroba, ile pakiti ndogo ya plastiki, kilipenya mahali ambapo chupa isingepenya: hakilii, hakivunjiki, hufichika kiganjani, na mtoto alikimudu kwa fedha aliyopewa ya maandazi.

Majirani zetu waliuona ubaya huo. Mwaka 2010 Kenya ilitunga sheria ya kudhibiti vileo, ambayo wananchi waliipa jina la mbunge aliyeipigania, Mheshimiwa John Mututho wa Naivasha. Inakataza kumwuzia kileo kijana asiyetimiza miaka 18, na inataka baa iwe umbali wa mita 300 au zaidi kutoka shuleni. Zambia, ambako vipakiti viliitwa tujilijili, ilivipiga marufuku mwaka 2012. Sisi tulivikataza kuanzia tarehe 1 Machi 2017, na Uganda ikafuata mwaka 2019.

Lakini sheria haina miguu. Anayeitembeza ni askari. Mwezi Mei 2014 Wakenya wengi walikufa kwa pombe iliyotiwa methanoli, sumu ipofushayo macho kabla haijaua, na wakati huo sheria ilikwisha kuwapo kwa miaka minne. Basi tufikiri: kipimo kinachomlevya tu mtu mzima chaweza kumzimisha mtoto, kwa kuwa mwili wake ni mdogo, na ubongo wake huendelea kukomaa hata apitapo miaka 20.

Askari mwenye sare anayekuta vijana wa kidato cha pili wakinywa pembeni mwa baa, akapokea bahasha ya mwenye baa na kwenda zake, ameifuta sheria ya Bunge zima kwa mkono mmoja. Na tusiwaseme wenye baa peke yao. Hata katika nyumba zetu za kambini, ni nani anayetumwa jioni kumletea baba bia?

Mpakani nako kuna kazi. Pakiti iliyokatazwa hapa huwa magendo yenye faida pale, nayo husafiri usiku chini ya magunia ya mahindi. Askari wa zamu ya usiku pale Namanga, Mutukula au Tunduma anaposhusha gunia moja zaidi, pakiti alizozikamata hazitafika kwenye lango la shule yoyote.