Umri Ndio Ufanyao Mbao: Miti ya Haraka na Miti Migumu ya Pwani ya Kusini

Mhadhara wa umma uliotolewa Mtwara



Swali nililokuja nalo huulizwa kila siku katika karakana za mji wetu: mti uliokua upesi unaweza kutoa mbao ngumu ya kuaminika? Mafundi wengi hujibu hapana, na hawabahatishi. Wamepokea mbao za mtiki mchanga, wakaunda fremu za milango, na fremu zikapinda kabla mwenye nyumba hajahamia. Jibu langu, ambalo nitalitetea jioni hii, ni kwamba kasi ya kukua si dosari ya mti. Dosari ni kuukata kabla ya umri wake na kuupa kazi isiyo yake.

Kusini tumeishi kwa miti ya polepole. Mpingo huchukua miaka 70 hadi 100 kufikia unene wa kuvunwa. Mita moja ya ujazo ya mpingo mkavu ina uzito wa takriban kilo 1,200, nao huzama majini. Wachongaji wa Kimakonde wameupa jina duniani, na viwanda vya Ulaya huutengenezea klarineti na obo. Mninga, wenye takriban nusu ya uzito huo, unapendwa kwa sababu nyingine: ukikauka husinyaa kidogo sana, hivyo droo ya kabati haikwami masika. Tumeivuna miti hii kuliko tulivyoiotesha. Daraja la Mkapa lilipofunguliwa mwaka 2003, malori ya magogo yalipata njia ya kuvuka mto Rufiji, na ripoti ya mwaka 2007 ya TRAFFIC, shirika linalofuatilia biashara ya viumbepori, ilionyesha kwamba sehemu kubwa mno ya mapato ya magogo ya kusini haikuifikia serikali kuu wala halmashauri. Tangu Januari 2017 biashara ya kimataifa ya mpingo iko chini ya masharti ya CITES, mkataba wa biashara ya viumbe walio hatarini. Hivyo mti wa haraka tunauhitaji. Tuuelewe.

Mti wowote, katika miaka yake ya mwanzo, hujenga mbao changa kuzunguka kitovu cha shina. Nyuzi zake ni fupi, kuta za seli zake ni nyembamba, na vijiuzi vilivyomo ndani ya kuta hizo hulala mshazari badala ya kufuata urefu wa shina. Kwa sababu hiyo mbao changa husinyaa hata kwa urefu wake na kupinda, jambo ambalo mbao pevu haifanyi ila kwa kiasi kidogo mno. Katika mtiki, tafiti zimeuweka mpaka kati ya mbao changa na mbao pevu kwenye umri wa miaka 15 hadi 25. Basi mtiki uliostawi vizuri ukawa mnene wa kupasuliwa ukiwa na miaka kumi, karibu shina lake lote ni mbao changa. Mti huo haukukosea kwa kukua upesi. Sisi ndio tuliousoma kwa unene badala ya umri.

Tofauti hii huonekana maabara bila kubishaniwa. Tunakata kipande kisicho na kifundo, milimita 20 kwa 20, urefu milimita 300. Tunakilaza juu ya vishikizi viwili vilivyoachana milimita 280, kisha tunakikandamiza katikati mpaka kivunjike. Kipande kilichotoka karibu na kitovu mara nyingi hukatika ghafla, mkato mfupi. Kile cha mbao pevu hulia kwanza, kikachanika nyuzi ndefu, ndipo kikaachia. Masalia yake huingizwa katika tanuri la nyuzi joto 103, yanapimwa na kupimwa tena mpaka uzito uache kushuka, ili tujue kilikuwa na unyevu kiasi gani. Bila kipimo hicho cha mwisho, namba ya nguvu haina maana, kwa kuwa mbao mbichi na mbao kavu za mti mmoja ni kama vitu viwili tofauti.

Zaidi ya nguvu kuna uimara dhidi ya mchwa. Mtiki hujikinga kwa kemikali zinazojikusanya katika kiini chake chenye rangi ya kahawia. Weupe unaokizunguka hauna kinga hiyo. Mti mchanga una weupe mwingi, na hata kiini chake hakijakomaa. Kwa upande wa nguvu, tafiti za Kerala, India, zinatupa moyo: mtiki uliokua kwa kasi haukuonekana kuwa dhaifu kwa sababu ya kasi peke yake.

Hata hivyo, si kila mti wa haraka ni mtiki. Mvinje, unaomea kwenye mchanga wa fukwe zetu na kujipatia naitrojeni kwa msaada wa vijidudu vya mizizini, ni mzito na mgumu. Mwaka 1971 mwanamazingira René Haller aliupanda katika machimbo yaliyokufa ya kiwanda cha saruji cha Bamburi, karibu na Mombasa, nao ukaanzisha msitu juu ya mawe. Lakini ukiupasua mbao, huchanika na kujisokota. Kazi yake ni nguzo na boriti. Mkaratusi nao hubeba mikazo ndani ya shina: ukiangushwa tu, gogo hupasuka ncha. Uzito pekee haufanyi mbao.

Fundi mashua analijua hili kuliko sisi. Kwa mataruma hutafuta tawi lililopinda lenyewe, kwa mkuku hutafuta gogo refu lililonyooka, na haulizi mti ulikua kwa kasi gani. Anauliza utakaa vipi baharini. Kati ya Msimbati na mlango wa mto Ruvuma, ndani ya hifadhi ya bahari iliyoanzishwa mwaka 2000, mikoko bado inatafutwa kwa boriti na kuni. Kila boriti ya mvinje iliyopandwa shambani inaweza kuuachia mkoko mmoja kazi ya kushika ufukwe.

Napendekeza mambo matatu. Kwanza, mkulima apande mitiki mipakani mwa shamba la mikorosho, penye udongo wenye kina usiotuamisha maji. Korosho zilipe ada za shule, mitiki ya kupunguzia iuzwe nguzo, na iliyobaki isimame miaka 25 au zaidi. Pili, bei ya gogo ifuate umri na kiasi cha kiini, si unene tu, maana mkulima hatasubiri kama soko halimlipi kusubiri. Tatu, miti ya mkoa huu ipimwe hapahapa, katika udongo na unyevu wetu, na matokeo yaandikwe kwa Kiswahili yamfikie fundi.

Mti wa haraka ukibeba kazi za kila siku, mpingo na mninga itapata miaka inayoihitaji. Huo ndio wajibu wa utafiti wetu, na tunaweza kuuanza msimu huu wa mvua.