Nyumba Isiyo na Bwana wa Kodi

Ukiwataja Freemason hapa mjini, wako watakaocheka na wako watakaonong'ona habari za kafara na utajiri wa ghafla. Leo tuyaache hayo, tuitazame nyumba yao moja, iliyoko barabara ya Auburn, mjini Atlanta, Marekani.

Mwaka 1775, huko Boston, Mwafrika mmoja huru aitwaye Prince Hall aliingizwa katika chama hicho pamoja na wenzake 14. Waliowaingiza walikuwa askari wa jeshi la Uingereza, kwani Wamarekani weupe hawakutaka kukaa nao baraza moja. Basi watu weusi wakaunda matawi yao, wakawa wanazikana na kutunza wajane kwa ada zao wenyewe.

Katika jimbo la Georgia, tangu mwaka 1932, mkuu wao alikuwa John Wesley Dobbs, aliyekuwa karani wa posta ya reli. Huyu alikuwa akiwahimiza watu weusi wajiandikishe kupiga kura. Chini ya uongozi wake ndipo ujenzi wa nyumba ile ulipoanza, mwaka 1937.

Mwaka 1949, Jesse Blayton, mhasibu, alinunua redio ya WERD, akawa mtu mweusi wa kwanza Marekani kumiliki kituo cha redio. Studio ikawa humo humo. Kisha chama cha Martin Luther King, kilichoundwa mwaka 1957, kikapanga ofisi chini yake. Inasimuliwa kwamba King alipotaka kusema na wananchi, aligonga dari kwa mpini wa ufagio, na kipaza sauti kikateremshwa dirishani!

Mpangaji wa namna hiyo, kwa mwenye nyumba mwingine, angetupiwa virago vyake nje. Hapa mwenye nyumba walikuwa wanachama wenyewe. Mwaka 2018 jengo hilo liliingizwa katika hifadhi ya taifa ya kumbukumbu za King.

Ndugu zangu, nasi tuna vyama vya kufa na kuzikana. Twachanga mwezi hadi mwezi, na Desemba ikifika twagawana, twala pilau, Januari twaanza upya. Sisemi pilau ni mbaya. Lakini nauliza: siku tutakapokuwa na neno zito la kusema, tutalisemea katika nyumba ya nani?