Maji ya Bomba Yakibadilika, Toa Taarifa

Msikilizaji, maji ya bomba lako yanakaguliwa. Mamlaka ya maji ya mji wako inatakiwa kuyapima, na EWURA, mdhibiti wa huduma za maji nchini Tanzania, inafuatilia kama viwango vya ubora vinazingatiwa.

Kipimo kimoja ni cha klorini, ile dawa ya maji. Kazi yake haiishii mtamboni. Kiasi kidogo lazima kibaki ndani ya maji mpaka yafike kwako, kwa sababu hatari iko njiani. Wakati wa mgao, bomba hubaki tupu. Penye ufa, maji machafu ya mtaroni hupenya. Huduma ikirudi, uchafu huo husukumwa hadi nyumbani kwako. Kwa hiyo harufu hafifu ya dawa isikutishe. Ni kinga yako.

Lakini mkaguzi hawezi kusimama kwenye kila bomba. Wewe upo. Maji yakibadilika, toa taarifa. Yakija na rangi, yakinuka mtaro, au yakiwa na ladha usiyoizoea, usiyanywe. Kuyachemsha tu hakutoshi: moto huua vijidudu, hauondoi kemikali zote.

Pigia simu mamlaka yako ya maji. Taja mtaa, na saa uliyoyaona. Omba namba ya lalamiko, uiandike. Waambie na majirani, hasa wenye watoto wachanga. Usiporidhika na majibu, peleka lalamiko EWURA ukiwa na namba hiyo.

Maji yakibadilika, toa taarifa. Siku hiyo hiyo.