Mzazi Mzee Aandikwe
(Maneno yaliyosemwa na mwalimu Siku ya Wazee, kambi ya Nyarugusu)



Kamati imeniomba niseme juu ya kuwaleta wazazi wetu wazee kutoka Kongo waje tukae nao. Umoja wa Mataifa uliiweka siku hii ya 1 Oktoba mwaka 1990 kwa ajili ya wazee, basi tuitumie kusema yanayowahusu.

Kambi hii ilifunguliwa mwaka 1996. Oktoba 2005 meli zilianza kuwarudisha kwa hiari watu wa Kongo kutoka Kigoma hadi Baraka, na wapo wazee waliopanda kwa sababu ya mashamba yao ya muhogo na michikichi, na makaburi ya watu wao. Watoto wakabaki hapa. Vita navyo havikwisha. Bukavu ilipotekwa Februari 2025, kila mwenye mama Uvira au Fizi alilala macho. Ndipo mtu anaanza kutafuta nauli ya boti.

Kabla ya nauli, mzee aulizwe mwenyewe. Kule ni mtu wa kuamua ugomvi wa kijiji. Hapa atakuta mgao wa unga wa mahindi, yeye aliyezoea bugali wa muhogo. Atawasemesha wajukuu Kibembe nao watamjibu Kiswahili. Na hatatoka kambini bila kibali. Asubuhi watoto wanakwenda shule, yeye anabaki mlangoni. Aambiwe yote haya. Akikubali, aje. Akikataa, asaidiwe huko huko. Kumchukua mzazi kwa hila, eti aje kusalimu tu, ni kumvunjia heshima.

Akifika, apelekwe kuandikishwa mara moja. Wapo wanaomficha mzee nyumbani kwa kuogopa maswali. Mzee huyo anakula mgao wa wajukuu, na watoto wakiitwa kuhamishiwa nchi ya tatu, jina lake halimo.

Hapo watu husema: nikifika Marekani nitamwita mama. Ndugu zangu, sikilizeni vizuri. Sheria ya Marekani humruhusu aliyepokelewa kama mkimbizi kumwombea mume au mke, na watoto ambao hawajaoa wala kuolewa walio chini ya miaka 21. Mzazi hayumo. Ilikuwako njia ya kuwaombea wazazi ndani ya mpango wa wakimbizi, lakini mpango wenyewe ulisimamishwa Januari 2025. Njia ya kawaida inamtaka mtoto awe kwanza raia, mwenye miaka 21 au zaidi, na uraia kwa kawaida huombwa baada ya miaka 5 ya ukaazi. Mama wa miaka 78 atangoje mpaka lini? Hata mkutano wa 1951 ulioandika Mkataba wa Wakimbizi, ulipohimiza umoja wa familia, haukuwataja wazazi wazee.

UNHCR kwa upande wake, katika kuandaa majalada, huwahesabu wazazi wanaomtegemea mtoto wao kuwa watu wa familia. Shikeni neno hilo, kutegemea. Afisa hakuona ulivyombeba mama mgongoni kutoka kwenye boti. Anaona karatasi: nyumba moja, kadi moja, tangu alipofika.

Sasa umri. Ukisoma kadi zetu utadhani wazee wote wa Kivu walizaliwa 1 Januari! Siku si kitu, lakini mwaka una kazi. Ndugu watatu wakitaja miaka mitatu tofauti ya baba mmoja, jalada linasimama. Kaeni pamoja mkubaliane, na mumwulize mzee kwa matukio: Kongo ilipopata uhuru 30 Juni 1960 alikuwa anachunga mbuzi, au alikuwa bado mgongoni? Wakati wa uasi wa 1964 alikuwa ameoa? Mimi darasani nafundisha historia kwa tarehe. Mzee anaijua kwa magoti yake, kwamba alikimbilia mlima gani.

Kwenu watumishi wa mashirika, tunashukuru kwa kazi, na tunaomba machache. Mzee asemeshwe yeye, kwa Kibembe au Kifuliru ikibidi, kabla ya mtoto wake kumjibia. Vidole vya mtu aliyelima miaka 60 vimelika, mashine ikikataa alama zake asionekane mdanganyifu. Na mahali pa kuandikishia pawekwe benchi kivulini.

Walimu tumekubaliana kukaa shuleni kila Jumamosi asubuhi mwezi huu, kusaidia familia kupatanisha majina na miaka kabla hazijakwenda ofisini. Hakuna malipo. Njooni na mzee mwenyewe, na kama ana kadi ya ubatizo au kitambulisho cha zamani, hata kilichopasuka, akilete.